Jahazi Katika Ramani ya Bungoma



Tunawaandikia kutoka Misikhu, mji mdogo wa soko katika barabara itokayo Webuye kuelekea Kitale, chini ya Mlima Elgon. Sisi ni kina mama wa madrasa moja ndogo. Baadhi yetu tuliletwa huku na ndoa kutoka Mombasa na Malindi. Wengine ni wazaliwa wa hapa hapa, Wabukusu na Watachoni, ama waliosilimu ama waliozaliwa katika Uislamu. Jarida hili hutufikia kwa kuchelewa, nasi hulipitisha mkono kwa mkono mpaka kurasa zikalegea. Mara hii tumeona nasi tuchangie, kwani limetupata jambo ambalo twadhani linawahusu wazazi wa pwani kama linavyotuhusu sisi wa bara.

Jambo lenyewe lilianza na picha. Wanafunzi wa gredi ya nne waliambiwa wachore kaunti yao. Binti wa mwenzetu mmoja, mwenye umri wa miaka tisa, mzaliwa wa Misikhu ambaye bahari ameiona mara mbili tu maishani mwake, alichora jahazi lililotweka tanga, minazi mitatu, na ngome yenye mizinga. Aliichora kwa ustadi. Lakini wenzake wakacheka, na mmoja wao akasema, "Si tulisema nyinyi si wa hapa?"

Alirudi nyumbani, akavua mtandio wake, akakaa jikoni kimya huku mamake akichambua mboga. Hatimaye akauliza, "Mama, sisi ni wa wapi?"

"Wa hapa, mwanangu."

"Na hapa pana nini?"

Mwenzetu anasema alifikiri kwa muda, kisha akajibu, "Pana mahindi." Alipotusimulia sote tulicheka. Baadaye tukaona haya, maana kila mmoja wetu alijiuliza angejibu nini, na hatukupata jibu lililo bora kuliko lile.

Jumamosi iliyofuata, baada ya swala ya adhuhuri, tulivikusanya vitabu vyote vya picha vilivyokuwa majumbani mwetu na kuvipanga juu ya mkeka. Vilikuwamo visa vya Mitume, vitabu vya alif na be, vitabu vya simba na twiga vilivyochapishwa Nairobi, na vile tulivyokuja navyo wenyewe kutoka pwani, vyenye punda wa Lamu na Ngome ya Yesu. Vyote ni vitabu vyema. Hata hivyo hapakuwa na ukurasa hata mmoja wenye Mlima Elgon, mlima tunaouona kila asubuhi tukianika nguo. Binti yule hakukosea kwa uvivu. Alichora kile alichopewa, na sisi ndio tuliompa.

Hatukuona haja ya kumlaumu mtu mwingine. Mtaala wa sasa unataka mtoto wa gredi ya nne aijue kaunti yake: mipaka, sura ya nchi, watu, na mahali pa kihistoria. Lakini Kenya ina kaunti 47, na kitabu kimoja cha shule hakiwezi kuzieleza zote. Sehemu kubwa ya kazi huachiwa mwalimu na mzazi. Basi tukakata shauri kutengeneza kitabu chetu wenyewe, sisi na watoto wetu, kwa karatasi za manila, penseli za rangi, sindano na uzi.

Swali la kwanza lilikuwa la dini. Je, yafaa tuchore watu na wanyama? Tulimwendea Ustadh wa madrasa. Alitukumbusha kwamba wanazuoni wametofautiana katika jambo hili. Wapo wanaokataza kila picha ya chenye roho, na wapo wanaolegeza kwa ajili ya watoto, wakitegemea Hadithi inayoeleza kwamba Bi Aisha, Allah amridhie, alikuwa akichezea wanasesere. Akatushauri tuchague njia ambayo haitamtia mashaka yeyote kati yetu. Tukaafikiana kwamba milima, mito, miti na majengo tutavichora kikamilifu, na watu tutawachora kwa mbali, bila nyuso. Watoto waliona ni sawa tu. Mmoja alisema kwamba hata yeye akimtazama mtu aliye ng'ambo ya mto haioni sura yake.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa ramani. Binti yule yule aliuweka mlima juu kabisa ya karatasi na Misikhu chini yake. Kaka yake mkubwa akamkosoa: kaskazini ndiyo hukaa juu, na mlima kwetu uko kaskazini magharibi. Ubishi ukapamba moto. Hapo mmoja wetu akawasimulia habari za al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyemchorea Mfalme Roger wa Sicily ramani ya dunia mwaka 1154. Ramani hiyo iliweka kusini juu na kaskazini chini, tofauti na zetu za leo, na hapakuwa na kosa lolote, maadamu msomaji anaambiwa upande upi ni upi. Watoto wakachora mshale wa kaskazini pembeni mwa karatasi, mlima ukabaki pale ulipotakiwa na binti, na amani ikarejea.

Kosa la pili lilikuwa letu sisi watu wazima. Tuliingiza Kitale ndani ya Bungoma. Kwetu hilo lilikuwa jambo la kawaida, kwa kuwa Kitale ndiko tuendako kununua vitambaa vya sikukuu na sare za shule, na matatu hazisimami mpakani kutuambia kwamba tumevuka. Mvulana mmoja akafungua atlasi ya shule na kutuonyesha kwamba Kitale ni makao makuu ya Trans Nzoia, kaunti nyingine kabisa. Ikatubidi tuwaeleze watoto kwamba zamani hata mikoa ilitofautiana: Bungoma ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Magharibi, na Trans Nzoia wilaya ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoleta kaunti, na serikali zake zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Tulifuta, tukachora mpaka upya, kisha watoto wakapaka rangi maeneobunge tisa ya Bungoma, kila moja kwa rangi yake: Mlima Elgon, Sirisia, Kabuchai, Bumula, Kanduyi, Webuye Mashariki, Webuye Magharibi ambamo ndimo ilimo Misikhu, Kimilili na Tongaren. Chini yake wakaandika idadi ya watu kwa sensa ya 2019: 1,670,570. Mtoto mmoja mdogo akauliza kama na yeye amehesabiwa. Tulimwambia kwamba alikuwa bado tumboni, na kwamba sensa ijayo ataitwa kwa jina, inshaAllah.

Ukurasa wa mlima uliwafurahisha kuliko yote. Wabukusu huuita Masaba, na Wasabaoti ndio wakaao kwenye miteremko yake. Kilele chake kirefu, Wagagai, kina mita 4,321 na kiko upande wa Uganda, kwani mpaka wa nchi mbili umepita juu ya mlima. Upande wa Kenya, katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1968, liko pango la Kitum. Humo ndovu huingia gizani usiku na kukwangua kuta kwa pembe zao ili walambe chumvi iliyo ndani ya mwamba. Tulimchora ndovu kama kivuli tu mlangoni mwa pango. Watoto wakauliza nani aliyemwonyesha ndovu kwamba jiwe lina chumvi. Tukajibu kuwa ni Yule aliyemfundisha nyuki kujenga mzinga.

Kisha tukaufuata Mto Nzoia. Unaanzia vilima vya Cherangani, unapokea vijito vya Mlima Elgon, unaanguka kwa kishindo pale Nabuyole, karibu na Webuye, halafu unapita Mumias na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Mji wa Webuye wenyewe Waingereza waliuita Broderick Falls kwa sababu ya maporomoko hayo. Hapo hapo kilisimamishwa kiwanda cha karatasi ambacho kilianza uzalishaji mwaka 1974 na kikasimama mwaka 2009. Waliokulia huku wanaukumbuka moshi wake. Ilitushangaza sisi wenyewe kutafakari kwamba karatasi za nchi nzima zilitengenezwa mlangoni petu, na bado hatukuwahi kuandika juu ya karatasi hizo habari za mahali hapa kwa ajili ya watoto wetu.

Lakini watoto walipendezwa zaidi na mwisho wa mto. Maji ya Nzoia yakishaingia ziwani hutoka kwa njia ya Mto Naili, yakashuka Uganda, Sudan Kusini na Sudan, mpaka Misri. Binti yetu akakaa akifikiri, kisha akasema polepole, "Basi mvua inayonyesha Misikhu inaweza kufika kwenye mto alimowekwa Nabii Musa." Tulimwambia kwamba inaweza. Tangu siku hiyo mtoto yule hajasema tena kwamba huku kwetu hamna kitu.

Mto ndio uliotufikisha Mumias, na Mumias ndiyo iliyotufikisha kwenye historia. Tuliwaambia watoto kwamba misafara ya watu wa pwani ilifika kwa Wawanga zaidi ya miaka 130 iliyopita. Wafanyabiashara hao walipaita mahali pale Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, babake Nabongo Mumia. Walifuata pembe za ndovu, na biashara ya watumwa nayo ilikuwamo. Pamoja nao ulikuja Uislamu na Kiswahili, na Mumias ikawa kitovu cha dini yetu magharibi mwa Kenya kabla reli haijafika ziwani. Tulichora msafara kwa mbali, watu wadogo kama chungu, na mizigo vichwani.

Wenzetu wa pwani waliufurahia ukurasa huo. Hatimaye walijiona ndani ya kitabu. Hapo ndipo kaka mkubwa alipouliza, "Na Chetambe tutaiweka ukurasa wa ngapi?"

Kwa asiyejua, Chetambe ni kilima kilicho juu ya mji wa Webuye. Mwaka 1895 Wabukusu waliokataa utawala wa Waingereza walishambuliwa kwanza katika ngome ya Lumboka, kisha wakajihami Chetambe, ndani ya handaki na boma la udongo, pamoja na wake zao, watoto wao na ng'ombe wao. Afisa Mwingereza, C. W. Hobley, aliongoza mashambulizi. Majeshi yake yalikuwa na askari wa Kisudani, na wasaidizi miongoni mwa Wawanga, Waganda na Wamasai. Bunduki zikapambana na mikuki. Wengi waliuawa, na mifugo ikachukuliwa.

Madrasa ilinyamaza. Watoto hawakujua kwa nini, lakini sisi tulijua. Askari wa Kisudani walikuwa Waislamu. Mashambulizi yalitokea upande wa Mumias, pale pale tulipochora msafara wetu. Mwenzetu mmoja wa pwani akasema kwa upole kwamba huenda ukurasa huo ukaachwa. Kitabu ni cha watoto, na kwa nini tuwape silaha wanaowaambia kwamba si wa hapa? Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mama anayemwonea mtoto huruma. Mwenzetu mwingine, ambaye ni Mtachoni, alishughulika na kukunja leso yake, hakusema neno.

Tuliahirisha. Wiki ile mama yake huyo Mtachoni alikuwa amekuja kumtembelea. Ni mzee sana, si Mwislamu, na wajukuu wake humwita kukhu, yaani nyanya kwa lugha yake. Tulimsalimu, tukamketisha, tukampa chai, kisha tukamweleza tatizo letu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba nyanya yake naye alimsimulia jinsi watu walivyorudi vijijini wakakuta zizi tupu, na jinsi akina mama walivyoita majina jioni wasiitikiwe. Kisha akasema, "Andikeni. Mtoto asipoambiwa na mamake ataambiwa na jirani, na jirani hatamwambia kwa upendo."

Hapakuwa na la kuongeza. Mwenzetu wa pwani ndiye aliyevunja kimya, akasema kwamba Qur'ani katika Sura an-Nisaa imetuamuru kusimama na haki hata inapotugusa sisi na jamaa zetu, na kwamba yeye ndiye atakayeuandika ukurasa huo kwa mkono wake. Akaandika kwa herufi kubwa: mwaka, jina la kilima, nani alishambulia, nani alijitetea. Watoto wakachora boma la udongo, handaki, na ng'ombe mmoja amesimama peke yake bila mchungaji. Hatukuwafundisha kuchora hivyo. Ni wao waliotaka.

Binti yetu akauliza swali tuliloliogopa. "Waislamu walikuwa upande gani?"

Tulimjibu hivi: baadhi ya Waislamu walikuwa na Waingereza, kwa sababu walikuwa askari wao, na baadhi kwa sababu ya ushirika wa Mumias na serikali mpya. Waliokuwa ndani ya boma walikuwa mababu wa majirani zetu, na mababu wa rafiki yako huyu anayeketi kando yako hapa madrasa. Dini yetu haikuwaamuru wale kuwatwalia hawa ng'ombe zao. Na wewe hutaulizwa kwa waliyoyatenda wao. Utaulizwa kwa unayoyatenda wewe. Alitazama ng'ombe wa kwenye picha kwa muda, akaomba penseli ya kijani, akampakia nyasi miguuni.

Kitabu kilipokamilika kilikuwa na kurasa 16. Tulikishona kwa uzi mweusi wa buibui, na binti akakipeleka shuleni. Msidhani kwamba mambo yote yalitengenea siku hiyo. Yule mtoto aliyemcheka alikifungua, akafika ukurasa wa Chetambe, akasema kwamba handaki limechorwa dogo, kwa kuwa babu yake alimpeleka na aliliona. Wakabishana mapumziko mazima. Siku ya pili alikuja na karatasi yake mwenyewe, ameuchora upya, akataka wake ubandikwe juu ya wetu. Binti alikataa kuubandika juu, lakini alikubali ubandikwe kando. Sasa kitabu kina kurasa mbili za Chetambe, ya mtoto wa madrasa na ya jirani yake, na gundi iliyozidi imevuja pembeni. Kwa maoni yetu hapo ndipo panapopendeza kuliko pote katika kitabu.

Na jahazi je? Binti alitaka libaki. Tuliliweka jalada la nyuma, chini ya maneno "Tulikotoka baadhi yetu". Nalo ni kweli, na njia kati ya pwani na huku ni ya kale. Hata marehemu Ken Walibora, katika riwaya yake Siku Njema ya mwaka 1996, alimsafirisha kijana kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake. Kosa halikuwa kumpa mtoto jahazi, bali kumpa jahazi peke yake.

Enyi kina mama wenzetu, kazi hii haihitaji fedha. Karatasi moja ya manila ikikatwa vipande vinne, na kila kipande kikikunjwa katikati, hutoa kurasa 16. Anzeni na kile mtoto anachokiona akiwa mlangoni. Mfuateni mto au barabara mpaka mwisho wake. Muulizeni mzee aliye karibu, hata kama si wa dini yenu. Linganisheni na atlasi, maana mtu mzima hukosea, kama sisi tulivyokosea Kitale. Na mkifika ukurasa mgumu, msiuruke. Huko kwenu nako upo. Mashamba ya Malindi na Takaungu yalilimwa na watumwa katika karne ya 19, na vitukuu vyao huenda ni majirani zenu. Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Je, mtoto wa Kigiriama akikifungua kitabu cha mtoto wako, atajiona ndani yake, au ataona jahazi tu?

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura al-Hujuraat kwamba ametufanya mataifa na makabila tupate kujuana. Kujuana huko hakuwezi kuanza ikiwa mtoto hajui hata mahali aliposimama, wala kilichowapata wale walio kando yake.

Tunamwomba Allah awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa na ndimi za kweli, na atusamehe tuliyoyasahau kuwafundisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.